Filimbi Kwenye Panja la Kaka Yako

Nyumbani, mezani jikoni,
Jumapili mchana, mwezi wa tatu.

Mpendwa Wifi yangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, na kama umesimama, kaa. Hujambo? Wajukuu hawajambo? Na hilo goti lako, bado linapanda ngazi kwa kunung'unika au limeshazoea? Sisi huku ni wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mimi mgongo huniuma nikiona nguo za kufua na hupona nikisikia kuna harusi, kwa hiyo daktari ameniambia hana dawa yake.

Mwanangu anakuamkia, shangazi yake. Leo Jumapili yuko kazini hospitalini, maana wenye vichwa vibovu hawachagui siku. Kile cheti chake cha upimaji wa ultrasaundi nimekitundika sebuleni mahali palipokuwa na kioo. Mgeni akisogea kujitazama uso, anamtazama mwanangu. Wengine wamenuna. Wanune.

Nimekuandikia barua kwa sababu simu unaikata. Wiki iliyopita uliniambia, tena kwa kicheko, kwamba ulikuwa unakata kitambaa, mara jicho lako la kushoto likaingia kiza kutoka juu kwenda chini kama mtu anashusha pazia, mkasi ukakuponyoka mkono wa kulia, ukakaa kidogo, pazia likapanda, ukaendelea kukata. "Uchovu tu, Wifi." Nilipofungua mdomo kukuuliza, ghafla mtandao ukawa mbaya. Mtandao huo una akili sana! Tulipokuwa tunawasema watu ulikuwa safi kama maji ya kisima. Tulipofika kwako ukachafuka.

Sasa barua haina mtandao. Nataka jambo moja tu kwako: uende hospitali ukapimwe mishipa ya damu ya shingo na ya kichwa kwa ultrasaundi. Na kabla hujaanza kunipangia sababu zako, nikusimulie mambo ya kaka yako, Masikio, kama yalivyokuwa, maana aliyokusimulia yeye nimeyasikia, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Alikwambia hospitali ilimwita kutengeneza jenereta, siyo? Kwamba alilitengeneza vizuri mno, wakubwa wakafurahi, wakasema fundi kama huyu lazima tumshukuru kwa kumpima kichwa? Na kwamba ugonjwa aliugundua mwenyewe, madaktari wakabaki wanatikisa vichwa? Haya. Chukua maji unywe.

Kwanza ukumbuke yule ni mtu wa namna gani. Wewe umeondoka siku nyingi, pengine bado unamwona yule kijana mwembamba mliyemwachia nyama. Siku hizi ana tumbo, ana gereji, na ana benchi mbele ya gereji ambapo wanakaa watu wasio na magari. Mtaa mzima unamwita Masikio kwa kuwa anadai anausikia ugonjwa wa injini tangu gari liko ng'ambo ya barabara. Mafundi wenzake siku hizi wanachomeka kompyuta kwenye gari. Yeye anawaita viziwi. "Fundi anayehitaji kuambiwa na kioo," anasema, "akauze mitumba." Na kweli, injini anazisikia, simnyimi haki yake. Ila mkewe amemwita mara ngapi kutoka jikoni chakula kikapoa? Hayo masikio ya aina gani, yanayosikia bolti na hayasikii mke?

Ilianzia hapa hapa mezani ninapokuandikia. Alikuja kunisalimia, nikamwekea chai. Yuko katikati ya kujisifu, kama kawaida yake, mara maneno yakaanza kugongana mdomoni. Nikadhani anatania, maana mimi ni shemeji yake na utani wetu hauna kipimo. Kisha nikaona chai inateremka pembeni ya mdomo, upande wa kulia, na yeye hana habari. Mdomo umelala kama pindo lililofumuka.

Wifi, mimi ile sura naijua. Niliiona kwa marehemu mume wangu, kaka yenu mkubwa. Mkono ulimlala akiwa ameshika mswaki, tukaambiana ameulalia usiku. Ukamlala tena, tukasema ni baridi. Halafu asubuhi moja akaanguka kati ya kitanda na mlango, na mengine unayajua, kwa kuwa ulikuja kuzika.

Basi nikasimama na birika mkononi. Kabla sijaita mtu, mdomo ukarudi mahali pake, maneno yakanyooka. Akajifuta shavu, akaniangalia, akasema, "Chai yako ina moto, Shemeji, imeniunguza ulimi." Chai yenyewe ilikuwa imekwisha poa kwa hotuba zake!

Nikamwambia, "Huo ulikuwa mlango wa kiharusi umefunguliwa ukafungwa. Kesho twende kwa mwanangu."

Akacheka, akaenda zake kwenye benchi kutafuta wenye hekima. Na hekima ya benchi lile unajua inakaa wapi? Kwa yule tunayemwita Mshauri. Mtu huyo alifukuzwa kazi ya ulinzi kwa kulala, tangu hapo anatibu watu. Alipohadithiwa akafumba macho, akasema ni upepo umepita, na kwamba aliyepitiwa na upepo asioge maji baridi wala asiudhiwe na wanawake. Kaka yako akalishika hilo la pili kuliko dawa yoyote. Nilipokwenda gereji kumkumbusha, akaniinulia kidole: "Shemeji, taratibu. Nimekatazwa kuudhiwa."

Nikamweleza kwa upole, kama alivyonieleza mwanangu. Na mimi niliyeishia kwenye kusoma, kuandika na kujibu nikaelewa, kwa hiyo wewe fundi wa suti utaelewa zaidi. Damu ikipita kwenye mshipa mpana hutembea kama mtu asiye na haraka. Mshipa ukisinyaa, damu hulazimika kupita mbio, kama maji ya mpira ukiubana mdomo wake kwa kidole gumba. Mashine ile ya ultrasaundi inatuma sauti ambayo sikio la mtu haliipati, inapenya kwenye panja ambapo mfupa ni mwembamba, inaigonga damu inayokimbia na kurudi na habari: inakwenda pole au inakwenda mbio. Mbio zikizidi, ujue pamebana. Na palipobana leo, kesho panaweza kuziba, na pakiziba, upande mzima wa mtu unazimika kama taa. Hakuna kisu, hakuna sindano. Ni kulala chali tu na kupakwa jeli.

Unajua alinijibuje, mbele ya benchi zima? "Ultrasaundi si ile ya wajawazito? Mnataka kunipima mimba ya kichwa? Na wakikuta mapacha?"

Benchi likaanguka chini kwa kicheko. Mshauri akapiga makofi. Mmoja akauliza baba ni nani. Mimi nikabaki nimesimama kama mti wa kutundikia nguo, nawatazama watu wazima wenye mvi wanavyocheka wakisindikiza mwenzao kaburini. Nikawaambia, "Chekeni. Akianguka, nyinyi ndio mtakaomgeuza kitandani na kumlisha uji, maana mna nafasi."

Ukweli, Wifi, hakuogopa mashine. Aliogopa benchi. Pale hospitali chumba cha ultrasaundi ni kimoja, na ukumbi wake una viti virefu vilivyojaa wajawazito tangu asubuhi. Yeye Masikio, mwenye gereji, akae katikati ya matumbo yale na kadi mkononi! Bora afe. Na alikuwa tayari kufa kweli, mjinga yule, afe akiwa ameheshimiwa na Mshauri.

Nikaona maneno hayasaidii. Kesho yake nikabeba kapu langu la kusuka, nikaenda gereji, nikakalia kiti chake. Kile cha magurudumu anachokalia akisikiliza injini. Mteja akija nasema, "Karibu, fundi yuko pale amesimama, ni mgonjwa lakini anaogopa akina mama." Kesho yake tena. Mkewe, ambaye ni mpole kupita kiasi, akawa ananiletea chai pale pale kama malkia. Mwisho kaka yako akarusha kitambaa chini. "Haya, twende! Twende ukanitangaze na huko!"

Siku ya kwenda akanipitia amevaa ovaroli yenye grisi na amebeba sanduku la spana. Nikamuuliza, "Unakwenda kupimwa au kufungua gari la wagonjwa?" Akasema baada ya hospitali ana kazi. Nikaamini. Hapo kosa langu ni kumdhania kaka yako kuwa ana ujinga wa kawaida.

Tukafika. Ukumbi umejaa matumbo, feni inazunguka kwa uvivu, ukutani picha ya mama ananyonyesha. Nikamketisha mwisho wa kiti, nikaenda dirishani kuchukua kadi yake. Narudi nakuta kofia yake imekalia kiti, yeye hayupo. Mwanangu naye akatoka kwenye chumba chake cha giza na lile koti jeupe, ungemwona, limenyooka kama bahasha, akaita, "Baba mdogo yuko wapi?"

Dada mmoja mwenye mimba kubwa, mcheshi sana, akasema, "Yule fundi? Nilimtania tu, nikamuuliza, mzee, yako ina miezi mingapi? Akasema yeye hakuja kupimwa, amekuja kutengeneza jenereta. Mlinzi akasikia, akamkumbatia, akasema, afadhali, linakohoa tangu juzi. Wakaenda nyuma."

Umesikia, Wifi? Kamkimbia mjamzito mmoja mwenye utani, akajipa kazi ambayo hakuna mtu aliyemwita! Na yule mlinzi alivyo na haraka, hakuuliza hata kitambulisho. Siku hiyo hospitali ilikuwa inamsubiri fundi wao; akaja huyu, wakamdaka. Hiyo ndiyo habari yote ya "hospitali iliniita."

Tukamfuata nyuma ya jengo, mimi mbele natukana, mwanangu nyuma ananisihi nipunguze sauti. Tukamkuta amechutama kando ya jenereta linalonguruma, sikio kalielekeza ubavuni mwake, kidole kimoja juu, kumnyamazisha mlinzi ambaye hakuwa amesema neno. Uso umetulia kama mtu anayesali. Ananiona, anasema, "Shemeji, ngoja. Nimeshaipata. Inavuta hewa mahali." Akanyoosha mkono wa kulia, akachukua spana.

Spana ikaanguka.

Akaiangalia. Akapeleka mkono kuiokota, vidole havifungi. Akajaribu tena, mkono ukaning'inia kama wa mwanasesere. Akageuka kutuambia kitu, likatoka neno ambalo si neno. Mdomo ule ule, upande ule ule. Mlinzi akacheka, akidhani fundi anawachekesha.

Mimi nikaganda. Mwanangu akapiga magoti kwenye mafuta na koti lake jeupe, nililolipiga pasi mwenyewe. "Baba mdogo, niangalie. Cheka. Inua mikono yote miwili." Akacheka upande mmoja. Mkono mmoja ukapanda. Mwanangu akamwambia mlinzi, sauti yake haikupanda hata kidogo, "Kiti cha magurudumu. Sasa hivi." Mlinzi aliacha kucheka akatimka mbio kwa wakati mmoja. Huyo ni mtoto niliyemzaa mimi, anayeogopa mende mpaka leo!

Tukapita naye ukumbini mbio. Wajawazito wote wakavuta miguu tupite. Yule mcheshi akainuka na tumbo lake, akaokota kofia ya kaka yako, akamwekea mapajani, akasema, "Samahani, baba." Ndio waliokuwa wanamtisha hao.

Tulipofika kwa daktari mdomo ulikuwa unarudi. Na neno lake la kwanza, Mungu wangu ni shahidi: "Nilikuwa nakaribia kumaliza."

Wakampiga picha ya kichwa kwanza, kuona kama kuna damu iliyomwagika. Haikuwepo. Daktari akamwambia waziwazi kwamba hiyo ni mara ya pili kiharusi kubisha hodi, ya tatu huenda kisibishe, na akaagiza mishipa ipimwe pale pale. Kaka yako akatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na bei ili muuzaji aondoke. Nilimwona. Maneno yaliingia sikio hili, yakatokea lile. Alikuwa anatafuta viatu vyake.

Akalazwa kwenye kitanda kile kile cha wajawazito, karatasi inamlia chini ya mgongo. Mimi nikaomba nikae pembeni, mwanangu akaniruhusu kwa sharti kwamba ninyamaze, na nilinyamaza, uliza yeyote. Giza, kioo kinawaka buluu. Mwanangu akampaka jeli shingoni, akapita huku na huku, kisha panjani.

Nikukirie kitu. Alinieleza zamani kwamba watu wengine mfupa wa panja ni mnene mno, sauti haipenyi, wanarudishwa nyumbani. Nikajisemea moyoni, basi leo ndio mwisho, kwa kichwa cha yule mtu hata nyundo haipenyi. Ajabu! Ikapenya mara ya kwanza. Mwanangu anasema mfupa wake ni mwembamba kama ganda la yai. Kumbe ugumu wote uko kwenye tabia.

Alianzia kulia. Mashine ikatoa sauti: shwaa, shwaa, shwaa, kama mtu anafagia ua bila haraka. Kaka yako amefumba macho, anajifanya amelala. Mwanangu akahamia kushoto. Akatafuta, akainamisha kile kidude kidogo, akatafuta tena. Mara: fyii! fyii! fyii! Kitu chembamba, chenye hasira, kama upepo kwenye tundu la ufunguo.

Kaka yako akafumbua macho.

"Rudi kule," akasema.

Mwanangu akarudi kulia. Shwaa, shwaa.

"Njoo huku."

Fyii! fyii!

Akalala anasikiliza, kidole kimeinuka chenyewe, kile kile cha kwenye jenereta. Akasema taratibu, "Huku kunapiga filimbi."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Pamebana."

"Pamebana."

Filimbi inaendelea mle chumbani, maana moyo wa mtu huwezi kuuambia usubiri. Akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto anayeuliza kama nje kuna mbwa, "Hii ni mimi?"

"Ni wewe, baba mdogo."

Machozi yakamtoka. Akasema ni jeli. Jeli ilikuwa panjani, Wifi. Sikumtania. Nilimwachia hiyo moja.

Wakamlaza siku chache. Siku hizi ana vidonge vya kuifanya damu isigande, vya kupunguza mafuta ya damu, na vya presha, na sigara zimepigwa marufuku. Daktari alituambia mshipa ule hautarudi kama wa kijana, wanaulinda usizibe. Alipopimwa tena filimbi ilikuwa pale pale, haijazidi, na kutozidi tumeambiwa ni habari njema. Anameza vidonge vyake akiangaliwa na mkewe, ambaye siku hizi upole umempungua, nami nimempongeza.

Ila usidhani amekuwa mtu. Alirudi kwenye benchi akawahadithia kwamba madaktari walikuwa wanababaika na mashine yao, yeye akalala pale akawaonyesha penye tatizo. Mshauri anaitikia kwa kichwa. Yule yule wa upepo! Sasa anasema yeye alijua tangu mwanzo, ila alikuwa anampima fundi akili. Na mteja akileta gari akasema kuna kelele kidogo lakini linakwenda, kaka yako anamsomea mahubiri: "Kelele haiji bure, ndugu yangu. Hata kichwa kina kelele zake." Ukimsikia utadhani alizaliwa na hekima hiyo, wala hakuvutwa kwenye hospitali na mwanamke aliyemkalia kiti.

Na mwanangu je? Amesema kitu? Hakusema. Nilimwambia aende kwenye benchi awaeleze nani aliishika ile mashine. Akaniambia, "Mama, ilimradi anameza dawa, acha aseme hata kwamba mashine aliitengeneza yeye." Unaona malezi hayo? Hakuyatoa upande wenu.

Haya, Wifi, tumerudi kwako.

Nimekusimulia yote haya ili ujitazame. Kaka yako mkubwa tulimzika. Wa pili tumemdaka kwenye mafuta ya jenereta. Wewe ni wa tatu, damu ni ile ile, na pazia limekushukia jichoni ukacheka. Nilimuuliza mwanangu hilo la jicho, sikumtajia ni wa nani. Aliacha kula. Akaniambia jicho kufunikwa hivyo kisha kufunguka ni mshipa wa shingo unaosema, na mtu huyo asingoje wiki. Akaniuliza, "Ni nani, mama?" Nikamwambia ni mteja wa gereji. Sikuweza kumwambia ni shangazi yake aliyemtumia zile fedha za kiatu cha kwanza cha shule, anayemtaja mpaka leo.

Sasa niambie sababu zako, nami nizijibu hapa hapa. Kazi? Suti isiyokwisha haijaua mtu. Foleni? Utapiga soga, huo ndio ufundi wako mwingine. Kwamba imekwisha, huoni tena pazia? Na kaka yako alisema imekwisha, akajifuta chai shavuni. Kwamba watasema nini? Akina nani, Wifi? Yule jirani yako uliyeniambia hajui hata kukunja shuka? Ukimwogopa huyo, nitakudharau kuliko ninavyomdharau Mshauri, na Mshauri nimemdharau mpaka nimechoka.

Nilitaka kuishia hapa, lakini kaka yako amefika. Kaka yako huyo huyo. Amenyanyua mfuniko wa sufuria bila ruhusa, kisha akasimama nyuma yangu na kusoma. Amesema niondoe habari ya mjamzito. Sikuondoa. Amesema niondoe habari ya machozi. Sikuondoa. Akavuta kiti, akakaa muda bila kujisifu, mpaka nikageuka kuangalia kama mdomo uko sawa. Uko sawa. Akaniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno:

"Mwambie dada, pale kitandani nilipousikia ule mlio, sikujifikiria mimi kwanza. Nilimfikiria Kaka. Kwamba na yeye alikuwa nao kichwani, amekaa na sisi, tunakula naye, na mimi Masikio nimekaa pembeni yake sikusikia kitu. Mwambie wake ausikilize mapema."

Halafu akaniambia nimalizie kwamba ugonjwa aliugundua mwenyewe. Nimemalizia.

Nisalimie shemeji, mumeo, na umsomee barua hii kwa sauti, asije akasema hakujua. Nisalimie wajukuu mmoja mmoja, na yule mdogo umwambie bibi wa huku anamfumia sweta. Mke wa Masikio anakusalimu, anasema hata yeye sasa anasikilizwa jikoni. Mungu akutangulie unapotoka, akurudishe ukiwa na macho yote mawili na mikono yote miwili, na akupe akili ya kwenda kesho, siyo keshokutwa.

Usinipigie kuniambia umeipata barua. Nipigie ukiwa umekaa kwenye benchi la wanaosubiri ultrasaundi huko kwenu. Mtandao ukichafuka sitakasirika, alimradi nyuma yako nisikie akina mama wajawazito wanacheka.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Mama wa Daktari wa Giza
(bado si daktari, lakini ngoja)